Asidi ya klorobenzoiki inaposumbua maabarani: dalili, sababu na pa kukomea

Kila muhula malalamiko ni yaleyale. Poda haiyeyuki. Kipimajoto kinasoma tofauti na kitabu. Mwanafunzi mmoja anakohoa, mwingine anafikicha macho, na mwisho wa wiki sinki limeziba. Nimekuwa fundi wa maabara hapa Nairobi miaka mingi, na nimefika mahali pa kuamini kwamba matatizo mengi ya poda hii huanzia kwenye jina lake. Mtu akisoma "kloro" anawaza Jik, ile dawa ya kung'arishia nguo. Akisoma "asidi" anawaza maji ya betri. Halafu anafungua chupa, anakuta unga mweupe umetulia kama unga wa sembe. Basi ama anauogopa kupita kiasi, ama anaudharau. Yote mawili huleta hasara.

Kwa hiyo tuanze na kitu chenyewe. Asidi ya benzoiki unaijua hata kama hujawahi kuingia maabara: chumvi yake, benzoati ya sodiamu, imeandikwa kwenye chupa za soda na sosi kama kihifadhi. Ondoa atomu moja ya haidrojeni kwenye pete yake ya kaboni, weka ya klorini, unapata asidi ya klorobenzoiki. Klorini hiyo imeshikwa na pete kwa nguvu. Haitoki ikaelea hewani, haina harufu ya Jik, wala haiui vijidudu vya majini. Klorini inaweza kukaa mahali patatu kwenye pete, kwa hiyo zipo asidi tatu, kila moja ikiitwa kwa namba ya mahali hapo, na hapa ndipo kazi ilipo:

Ya 2: huyeyuka kati ya nyuzi 138 na 142. Namba ya CAS (namba ya utambulisho ya kemikali) 118-91-2.
Ya 3: huyeyuka kati ya nyuzi 153 na 157 hivi. Namba ya CAS 535-80-8.
Ya 4: huyeyuka kati ya nyuzi 238 na 241. Namba ya CAS 74-11-3.

Uzito wa moli ni mmoja kwa zote tatu, gramu 156.57. Ukizitazama kwa macho huwezi kuzitenganisha. Ya 2 ndiyo ninayoiona zaidi, na viwandani ndiyo inayoanzia kutengenezwa kwa asidi ya mefenamiki, ile dawa ambayo akina dada wengi huinunua kwa kemisti kwa ajili ya maumivu ya hedhi.

Dalili: lebo na kilichomo chupani havipatani

Naiweka hii mbele kwa sababu ndiyo pekee inayoweza kumfikisha mtu hospitalini kabla hajapima hata gramu moja.

Sababu ya kawaida kabisa ni lebo iliyoandikwa "asidi ya klorobenzoiki" pasipo kutaja ni ya 2, ya 3 au ya 4. Mara nyingi hutokea pale mtu alipohamisha poda kutoka chupa kubwa ya muuzaji hadi chupa ndogo ya darasani. Hapo hakuna hatari mpya, ila usumbufu tu. Tafuta risiti au chupa ya mwanzo usome namba ya CAS. Ukikosa, pima kiwango cha kuyeyuka kama nitakavyoeleza chini.

Sababu ya pili haitokei mara nyingi, lakini ni mbaya: chupa si ya asidi hii kabisa. Lebo nyingi ziko kwa Kiingereza, na majina mawili yanafanana na hili hadi tofauti inabaki herufi chache.

La kwanza ni kloridi ya klorobenzoili, pamoja na nduguye kloridi ya benzoili. Hizo ni vimiminika, tena vikali. Zikikutana na unyevu wa hewa hutoa mvuke wa kloridi ya haidrojeni, na macho hutoka machozi papo hapo. Wakati mmoja niliitwa na shule fulani nikawasaidie kupanga stoo baada ya mvua za masika. Chupa zilikuwa zimepangwa kwa alfabeti, utaratibu unaopendeza macho na kuhatarisha watu, na kwenye rafu moja asidi na kloridi zilikuwa zimekaa bega kwa bega. Lebo ya kloridi ilikuwa imebanduka nusu. Kilichonizuia kuigusa ni rafu yenyewe: chuma chake kilikuwa na kutu ya rangi ya chungwa, duara kamili kuizunguka ile chupa, na shingo ya chupa ilikuwa na ganda jeupe. Unga uliotulia hauli chuma namna ile.

La pili ni asidi ya metakloroperoksibenzoiki. Hii nayo ni unga mweupe, na hapo ndipo mtego ulipo. Kipande cha neno "peroksi" kinaifanya kuwa kioksidishaji kikali. Ikiwa safi kabisa inaweza kulipuka kwa kugongwa au kwa joto, ndiyo maana huuzwa ikiwa imepunguzwa nguvu, kwa kawaida isiyozidi asilimia 77, na huwekwa kwenye friji. Ikikaa muda mrefu hupoteza oksijeni yake polepole na kugeuka asidi ya 3-klorobenzoiki, lakini huwezi kujua kwa kuitazama imegeuka kiasi gani. Namba yake ya CAS ni 937-14-4.

Cha kufanya kwanza: usifungue. Soma namba ya CAS. Tazama kama kilichomo ni unga au kimiminika. Tazama alama za hatari: asidi ya klorobenzoiki huwa na alama ya mshangao, si ile ya kimiminika kinachokula mkono na chuma.

Komea hapa umwite mtaalamu ikiwa chupa ina kimiminika, ikiwa mfuniko una ganda au umekwama, ikiwa kuna kutu mpya karibu yake, au ikiwa neno "peroksi" limo popote kwenye lebo na chupa ni ya zamani. Usiukwangue mfuniko kwa kisu. Usiimwagie maji, kwa kuwa kloridi hizo hupambana na maji. Waondoe watu, funga mlango, kisha mpigie muuzaji au kampuni yenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, ya kubeba taka hatari.

Dalili: poda haiyeyuki majini

Hii ndiyo ninayoulizwa kuliko zote, na mara tisa kwa kumi hakuna kilichoharibika. Poda iko vile inavyopaswa kuwa.

Kwenye nyuzi 25, lita nzima ya maji huyeyusha karibu gramu 2 tu za ile ya 2. Ya 3 haifiki hata nusu gramu. Ya 4 haifiki hata sehemu ya kumi ya gramu. Mwanafunzi akitia kijiko kizima ndani ya bika ya mililita 100 na kukoroga hadi mkono uchoke, ataendelea kuona unga unaelea. Akiongeza unga mwingine hali inakuwa mbaya zaidi.

Sababu ya pili ni ya hapa kwetu. Maelekezo mengi yameandikwa na watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari, wanaosema "yeyusha kwenye maji yanayochemka" wakimaanisha nyuzi 100. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari na maji yetu huchemka karibu nyuzi 94. Nyuzi hizo sita zinapunguza kiasi kinachoyeyuka. Anayefuata maelekezo neno kwa neno atajikuta na vipande vilivyobaki chini, adhani ni uchafu, avichuje avitupe. Atakuwa ametupa asidi yake mwenyewe. Ongeza maji ya moto kidogo kidogo kabla ya kuamua kwamba kilichobaki ni uchafu.

Ukitaka iyeyuke bila mabishano, igeuze chumvi. Gramu 1 inahitaji mililita 64 za hidroksidi ya sodiamu yenye nguvu ya moli 0.1 kwa lita, au gramu 0.54 za bikaboneti ya sodiamu kwenye maji. Ukitumia bikaboneti utaona povu la kaboni dioksidi, kwa hiyo tumia chombo kikubwa kuliko unavyodhani unahitaji na utie polepole. Povu hilo lenyewe ni kipimo kizuri: poda isiyotoa povu na isiyoyeyuka humo huenda si asidi hii.

Kwa kazi inayohitaji asidi yenyewe na si chumvi yake, tumia ethanoli. Hapa sina utani: ethanoli hupashwa juu ya maji ya moto ambayo moto wake umezimwa, au juu ya sahani ya umeme isiyotoa cheche. Kwa urefu huu wetu huchemka karibu nyuzi 74, na mvuke wake hutambaa juu ya meza kutafuta kichomeo cha jirani. Kama chumba kimoja kina kundi linalotumia ethanoli na jingine linalotumia kichomeo cha gesi, simamisha mojawapo.

Dalili: kiwango cha kuyeyuka ni cha chini, au kimeenea nyuzi nyingi

Tofautisha hali mbili kabla ya kugusa chochote. Ikiwa poda inaanza kulainika mapema na kumaliza kuyeyuka nyuzi tano au kumi baadaye, ina kitu kingine ndani yake. Ikiwa inayeyuka kwa ukali, ndani ya nyuzi moja au mbili, lakini kwa namba usiyoitarajia, basi huenda ni safi ila ni ya aina nyingine.

Kwa hali ya kwanza, anza na unyevu. Poda iliyotoka kuchujwa asubuhi na kupimwa kabla ya chakula cha mchana haijakauka, hasa mwezi wa Julai. Isambaze kwenye karatasi ya kuchujia, ifunike isivutwe na upepo, uache hadi kesho. Pili, angalia mwendo wa kupasha. Wanafunzi wana haraka, na moto ukiwa mkubwa kipimajoto hubaki nyuma ya sampuli. Pandisha haraka hadi nyuzi 20 chini ya namba unayoitarajia, halafu punguza hadi nyuzi 1 au 2 kwa dakika. Tatu, angalia kipimajoto chenyewe: kitumbukize kwenye maji yanayochemka. Kikisoma 94 hivi hapa Nairobi, kiko sawa. Nimeona watu wakitupa vipimajoto vizima kwa sababu havikufika 100.

Urefu wa mji hausogezi kiwango cha kuyeyuka kwa namna utakayoiona, kwa hiyo usiusingizie. Kuchemka ndiko kunakosogea.

Kama yote hayo yako sawa na bado namba imeenea, poda imechanganyika. Safisha kwa kuiyeyusha kwenye ethanoli ya moto, tia maji ya moto tone kwa tone hadi uone ukungu unaokawia kutoweka, kisha acha ipoe yenyewe polepole. Ya 2 inaweza kusafishwa kwa maji matupu pia. Ya 4 usijaribu kwa maji matupu, utahitaji ndoo.

Kwa hali ya pili, linganisha na orodha niliyotoa juu. Namba ikiwa 122, mkononi una asidi ya benzoiki ya kawaida, isiyo na klorini. Kuna kipimo cha bei nafuu cha kuthibitisha: yeyusha gramu 0.200 kwenye ethanoli, ongeza maji kidogo na matone mawili ya fenolfthaleini (kiashiria kinachogeuka waridi asidi ikiisha), kisha tia hidroksidi ya sodiamu ya moli 0.1 kwa bureti. Asidi ya klorobenzoiki itakula mililita 12.8. Asidi ya benzoiki itakula 16.4. Tofauti hiyo hata mwanafunzi wa kidato cha tatu hawezi kuikosa. Kipimo hiki hakitakuambia kama ni ya 2, ya 3 au ya 4, maana zote zina uzito mmoja. Kwa hilo rudi kwenye kipimajoto.

Na sasa onyo ambalo ningetaka libandikwe ukutani. Maabara nyingi hupima kwa tyubu nyembamba iliyotumbukizwa ndani ya mafuta mazito meupe ya parafini, juu ya kichomeo. Kwa ile ya 2 njia hiyo inatosha. Kwa ile ya 4, inayohitaji kupita nyuzi 238, mafuta hayo yatakuwa yanatoa moshi kabla hujafika na yanaweza kuwaka. Mafuta yakianza kufuka moshi, zima, toa mikono, acha yapoe. Tone moja la maji likidondoka ndani ya mafuta ya joto hilo hutapanya mafuta hadi usoni. Kama huna kifaa cha umeme cha kupimia, usipime ya 4. Peleka sampuli kwa chuo chenye nacho.

Dalili: nitrati ya fedha inatoa mashapo meupe, au haitoi chochote

Mwanafunzi mmoja aliinua testitubu yake kuielekeza dirishani, ikiwa imejaa kitu cheupe kama pamba. "Mwalimu, klorini imetoka!"

Nikamuuliza, "Kabla hujatia nitrati ya fedha, ilikuwaje?"

Akanyamaza kidogo. "Ilikuwa nyeupe tayari."

Hiyo ndiyo sababu ya kawaida kuliko zote. Kwa kuwa poda haiyeyuki majini, wanafunzi huiyeyusha kwenye hidroksidi ya sodiamu. Kisha, kwa kufuata kitabu, hutia asidi ya nitriki kabla ya nitrati ya fedha. Asidi ya nitriki inairudisha chumvi kuwa asidi ya klorobenzoiki, nayo isiyopenda maji inajitenga palepale. Wanachokiona ni poda yao wenyewe imerudi, wala si kloridi ya fedha. Jibu ni kuchuja hayo meupe kwanza, kisha kutia nitrati ya fedha kwenye maji safi yaliyopita. Yakibaki maangavu, ndivyo inavyopaswa: klorini iliyoshikwa na pete haiachi nafasi yake kwa ajili ya nitrati ya fedha.

Ukitaka kuhakikisha mashapo uliyochuja ni nini, yasuuze kwa maji, kisha weka kidogo kwenye mmumunyo wa bikaboneti ya sodiamu. Asidi hutoa povu na kutoweka. Kloridi ya fedha haitishiki, na ikikaa kwenye mwanga wa dirisha hugeuka kijivu cha zambarau. Usijaribu kuyayeyusha kwa ethanoli ndani ya testitubu ileile yenye asidi ya nitriki. Ethanoli na asidi ya nitriki, hasa ikiwa nzito, ni ndoa ya kuvunja vioo.

Sababu ya pili ni maji ya bomba. Maji ya Nairobi hutiwa klorini kwenye mitambo ya kusafishia na yana kloridi. Nitrati ya fedha huyafanya kuwa na ukungu hata pasipo poda yoyote. Pima maji matupu sambamba na sampuli yako. Ukungu ukitokea kote kuwili, lawama ni ya maji. Tumia yaliyotoneshwa.

Sababu ya tatu, isiyo ya mara kwa mara, ni poda yenyewe kubaki na kloridi ya chumvi au ya asidi ya haidrokloriki iliyotumika kuitenga ilipotengenezwa. Isafishe kwa ethanoli na maji kama nilivyoeleza, urudie.

Anayetaka kuonyesha kwamba klorini kweli imo atumie waya wa shaba: upashe hadi usitoe rangi tena motoni, upoze, uguse poda kidogo sana, urudishe motoni. Rangi ya kijani inayong'aa ndiyo jibu. Fanya hivyo ndani ya kabati lenye feni ya kutoa hewa nje, kwa chembe chache tu, kwa maana moshi wa vitu vyenye klorini si wa kuvutwa. Njia ya kuyeyusha pamoja na sodiamu ya metali iache kwa watu wa chuo kikuu walio na msimamizi.

Na kama umetumia amonia kwenye majaribio ya fedha, usiweke mchanganyiko huo hadi kesho. Ukikaa unaweza kutengeneza vitu vya fedha vinavyolipuka vikiguswa. Utie asidi ya nitriki hafifu umalize siku hiyohiyo.

Dalili: uzito unapungua kila ukikausha

Tazama ndani ya ovini. Kama kwenye kioo cha mlango au ukingo wa juu kuna manyoya meupe membamba, kama utando wa baridi ambao nimeona Limuru alfajiri, poda yako ndiyo hiyo. Asidi za jamii hii zikipashwa hugeuka mvuke bila kupitia umajimaji, kisha hujishika mahali baridi. Ovini iliyowekwa nyuzi 105 kwa desturi ya kukausha vyombo ni moto mno. Shusha hadi 60, funika sahani kwa karatasi ya kuchujia iliyotobolewa, uwe na subira. Kama una chombo cha kioo chenye dawa ya kunyonya unyevu, afadhali zaidi.

Mvuke huo ndio unaowasha koo. Ukifungua ovini na ukahisi mchomo puani, rudi nyuma, acha mlango wazi, subiri.

Dalili: kikohozi, pua kuwasha, macho kutoa machozi

Asidi hizi huwasha ngozi, macho na njia ya hewa. Kwa kiasi cha darasani si sumu ya kuangusha mtu, lakini vumbi lake ni laini na halionekani likiwa angani.

Anza na feni ya dari. Ikiwa inazunguka juu ya mizani, zima. Kisha madirisha: upepo wa mchana hapa kwetu unatosha kuinua unga kutoka kwenye karatasi ya kupimia. Kisha jinsi ya kuchota: anayegonga spatula kwenye mdomo wa chupa anatengeneza wingu. Kisha ufagio. Poda iliyomwagika haifagiliwi ikiwa kavu hata siku moja. Funika kwa karatasi zilizolowa maji, kusanya, pangusa mara mbili. Miwani ya kinga, glavu na koti ni vya lazima kwa mwalimu kama kwa mwanafunzi. Barakoa ya kitambaa haizuii vumbi hili.

Likiingia jichoni: maji ya bomba yanayotiririka kwa upole, kope zikiwa zimeshikwa wazi, dakika 15 ukitazama saa, si kwa kukisia. Mwenye lenzi za macho azitoe. Ngozi huoshwa kwa maji na sabuni. Aliyevuta vumbi atolewe nje kwenye hewa safi. Aliyemeza asukutue mdomo autemee nje, wala asitapishwe. Kuna desturi nyumbani ya kukimbilia maziwa; hapa yaache, yanapoteza muda na kumfanya mtu adhani ameshatibiwa.

Komea hapa umpeleke hospitalini kama jicho bado linauma au linaona ukungu baada ya dakika 15, kama kifua kinabana au kinapiga filimbi, kama mtu ana pumu inayojulikana, au kama amemeza kiasi chochote zaidi ya kuonja. Piga 999 au 112. Beba lebo au upige picha yake. Daktari akiambiwa "ni asidi fulani ya klorini" atatibu kitu kingine kabisa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka msambazaji wa kemikali atoe karatasi ya maelezo ya usalama. Idai siku unaponunua, usingoje siku ya ajali.

Dalili: poda imeganda mabonge au imebadilika rangi

Mabonge ni unyevu kwa mfuniko usiofungwa vizuri. Kausha, pima kiwango cha kuyeyuka, endelea. Rangi ya krimu au manjano hafifu mara nyingi ni mabaki ya spatula chafu. Isafishe. Rangi ya kahawia iliyokolea au madoa ya kijani yanasema kuna metali imeingia. Kwa kazi ya darasani itupe kwa utaratibu, kwani gharama ya kuisafisha inazidi ya kununua nyingine.

Dalili: sinki limeziba au linatoa utando mweupe

Hadithi yake ni ileile ya testitubu. Chumvi iliyoyeyuka vizuri inamwagwa sinkini, inakutana kwenye kizibo cha chini (kile kiungo cha bomba kilichopinda chini ya sinki) na asidi iliyomwagwa na kundi lililotangulia, inarudi kuwa unga, inajijenga. Usimwage asidi kali zaidi ukidhani unazibua, utaongeza mashapo. Vaa glavu na miwani, weka ndoo chini, fungua kizibo kwa mkono, toa uchafu, weka kwenye chombo cha taka chenye lebo. Kilichobaki kitalainika kwa maji ya vuguvugu yenye bikaboneti. Kama hujui ni nini kingine kimemwagwa humo wiki hiyo, usifungue. Mwite fundi umwambie ukweli kuhusu kilichomo.

Halafu tafuteni mtungi wa taka zenye klorini, wa plastiki nene, wenye mfuniko wa kukaza, na uandikwe hivyo. Kila chujio, kila mabaki ya ethanoli yenye poda hii, kila karatasi ya kupangusia viende humo. Nimeona shule zikichoma vitu hivi kwenye shimo nyuma ya jikoni pamoja na karatasi za mtihani. Kuchoma kitu chenye klorini kwa moto mdogo wa shimo hutoa kloridi ya haidrojeni na moshi wenye sumu zinazokaa mwilini na kwenye udongo kwa miaka, na wanaouvuta ni wapishi na watoto wa madarasa ya karibu. Kanuni za usimamizi wa taka zinataka taka hatari zibebwe na mwenye leseni ya NEMA. Shule mbili au tatu za jirani zikikusanya mitungi yao pamoja na kuita gari moja, gharama hugawanyika. Sisi tunafanya hivyo na majirani zetu wawili mwishoni mwa muhula wa tatu, na mtungi wa mwaka uliopita ulikuwa haujajaa hata nusu.